Mboga za uani Tanga: magunia, ndoo na ukuta mmoja vinatosha

Mi nakaa Makorora, vyumba viwili vya kupanga kwenye nyumba ya ua, tuko wapangaji wanne na mwenye nyumba mwenyewe yumo humo humo. Sehemu yangu ya kulimia ni ukuta mmoja wa uani, urefu hatua saba hivi na upana ukikaa ukanyoosha miguu umeumaliza. Hapo natoa mchicha, matembele, spinachi, bamia na pilipili mbuzi, mwaka wa tatu huu, na fungu la mchicha sokoni nanunua kwa nadra sana labda Ramadhani wageni wakizidi. Kilimo sijasomea. Nimeua mimea mingi ndo nikajua. Watu wakija uani swali la kwanza ni mbegu umetoa wapi, nami nawajibu kila siku mbegu ndo kitu cha mwisho kuwaza, kinachoua mboga za kwenye gunia ni udongo mbaya na maji ya kumwaga mwaga. Basi naandika yote hapa, mwenye ua, mwenye baraza, mwenye balkoni ya gorofa, kila mtu achukue linalomfaa.

HATUA YA 1: Omba ruhusa, alafu kaa uangalie jua

Kama umepanga usianze kuburuta magunia kimya kimya. Uani ni pa wote, pana kamba za kanga, pana majiko, pana watoto na mpira wao. Mi nilimfuata mwenye nyumba barazani jioni kashatulia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hayo magunia unataka kunifanyia nini uani kwangu?"

"Nataka kupanda mchicha bibi, pale ukutani tu."

"Mchicha sawa. Ila nyoka wakija utalala nao wewe."

Basi, ruhusa ndo hiyo. Nikamuahidi njia ya chooni na kamba za nguo sitazigusa.

Ukishapata ruhusa chukua siku moja ya kukaa nyumbani, kila baada ya saa moja au mbili chungulia uani uone jua limefika wapi. Weka alama kwa chaki au mkaa ukutani. Mboga za majani kama mchicha na matembele zinataka jua la masaa manne hivi kwa siku na kuendelea, za kuzaa matunda kama bamia, pilipili, bilinganya na nyanya zinataka masaa sita au zaidi. Hapa Tanga jua la saa nane mchana likigonga ukuta wa bati au wa simenti linarudi mara mbili, kwa hiyo ukuta unaopata jua la asubuhi ni bora kuliko unaopigwa kuanzia adhuhuri mpaka magharibi. Ukiwa na huo wa jioni tu sio mwisho wa dunia, panda bamia hapo, bamia na joto ni ndugu.

Kama unakaa karibu kabisa na bahari, upande wa Raskazone au Sahare, angalia na upepo. Upepo wa baharini unakuja na chumvi, majani yanaungua ncha kama yamepitiwa na pasi. Weka vyombo nyuma ya ukuta au funga kipande cha makuti upande upepo unaotokea.

HATUA YA 2: Vyombo

Hapa usitumie pesa. Salfeti, yani yale magunia ya plastiki ya sukari au mchele, ndoo zilizopasuka mpini, madumu ya mafuta ya kula ya lita 20 ukiyakata ubavu yakalala yanakuwa kama hori, beseni lililotoboka, sufuria iliyokwisha. Kitu ambacho sitaki kabisa ni chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu, oili chafu au maji ya betri, hata ukikiosha mara kumi usipande chakula humo.

Kuhusu gunia la katani. Hapa ndo mji wenyewe wa katani, mkonge umeanza kulimwa huku tangu yule Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, kwa hiyo mtu anaona fahari kulimia kwenye gunia la katani na kwa kweli linapendeza kuliko salfeti. Ila likikaa na unyevu halichukui muda linaoza, la kwangu lilipasuka kitako na udongo wote chini, mchicha umelala kama umelewa. Salfeti inadumu zaidi japo jua nalo linaila, ikianza kutoa unga unga ukiishika ujue msimu ujao haifiki.

Kina cha chombo ndo cha kuangalia. Mchicha, giligilani, kitunguu cha majani, shibiri moja ya udongo inatosha. Bamia, bilinganya, pilipili na nyanya wape ndoo ya lita 20, mche mmoja kila ndoo, ukiweka mitatu kwa tamaa utavuna ya mmoja.

Toboa matundu. Msumari mrefu uupashe moto kwenye jiko la mkaa, ushike kwa koleo, ndoo moja matundu sita mpaka nane ya kuingia kidole kidogo, mengine kwenye kitako na mengine ubavuni chini kabisa. Alafu nyanyua chombo juu ya vipande vya tofali. Ndoo ikikaa chini kwenye simenti matundu yanaziba na wewe hutajua mpaka mizizi inuke.

Wa gorofani, pima uzito kabla. Ndoo moja ya lita 20 yenye udongo uliolowa inafika kilo 30 hivi, na gunia zima likijaa likanyeshewa linapita kilo mia. Huko juu tumia ndoo na madumu sio magunia, na uvipange upande wa ukuta sio ukingoni.

HATUA YA 3: Udongo, hapa ndo kazi ilipo

Sehemu kubwa ya mji huu imekaa juu ya mawe ya chokaa, ndo mawe hayo hayo yaliyotoa mapango ya Amboni. Ukichimba uani kwetu jembe linapiga jiwe kabla hujatoa jasho, na udongo wenyewe mchanga mtupu, maji unamwaga yanapita kama kwenye chujio. Kwa hiyo udongo wa uani peke yake hapana. Mi huwa namwambia kijana wa guta aniletee udongo mwekundu au mweusi wa shambani, magunia mawili kwa kuanzia.

Vipimo vyangu kwa ndoo ile ile: ndoo mbili za udongo, ndoo moja ya samadi iliyooza, ndoo moja ya kitu cha kulegeza, yani makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au mchanga wa mto ule wa kujengea. Mchanga wa pwani usiguse. Unakuja na chumvi yake.

Samadi Tanga haina shida, huu mji wa maziwa, Tanga Fresh wanakusanya maziwa huku na ng'ombe wamo mpaka majumbani, ukiomba samadi wengine wanakushukuru umewapunguzia. Shida ni kwamba utapewa mbichi. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaleta funza na majani ya ajabu ajabu. Irundike pembeni, ifunike na turubai, ilowanishe kidogo na kuigeuza kila wiki, miezi miwili mitatu. Imeiva ukiichimbua ndani haina joto, hainuki tena kinyesi, inanuka kama ardhi mvua ikianza kunyesha. Ya kuku ni kali zaidi, nayo iozeshe vizuri alafu tumia nusu ya kipimo.

Makumbi sasa. Tanga nani anakosa makumbi, kila nyumba inakuna nazi. Yanashika maji vizuri sana, unayachana nyuzi nyuzi, unayaloweka kwenye maji yasiyo na chumvi siku mbili ukimwaga na kubadilisha, alafu unakatakata. Lakini sikiliza kosa langu. Mwaka wa kwanza kuna jamaa anasuka kamba alinipa salfeti nzima ya makumbi laini yameshachambuka, mi nikaona bahati imeniangukia, nikayachanganya yote kwenye udongo. Mchicha ukaota siku ya nne, wa kijani kabisa, wiki ya pili ncha za majani zikawa kahawia, wiki ya tatu sina kitu. Kumbe makumbi ya usumba, zile nyuzi za kusukia kamba, huwa yanafukiwa kwenye tope la baharini ndo yalainike, yale yalikuwa yamekunywa chumvi miezi. Kwa hiyo makumbi chukua ya jikoni, ya pwani waachie wenye kamba zao.

Na machicha ya nazi, sio mchicha, machicha yale ya kukamulia tui, usiyatie moja kwa moja kwenye gunia. Mimi nilitia. Sisimizi walihamia na ukoo wao wote, na usiku panya. Machicha, maganda ya ndizi, maganda ya viazi, majani ya chai, yote yaende kwenye ndoo ya mboji yenye kifuniko na matundu, kila ukitia kitu kibichi funika na majani makavu au vumbi la mbao, yakae miezi mitatu. Nyama na samaki usitie kabisa, paka wa mtaa mzima watakujua jina.

Majivu nayo. Wengi wanaambiwa majivu ni mbolea basi kila asubuhi jivu la jiko linakwenda kwenye mboga. Udongo wetu wa chokaa tayari una ukali wa namna hiyo hiyo, ukiongeza jivu kila siku mmea unashindwa kunyonya chuma. Utaona majani machanga yanakuwa manjano lakini mishipa inabaki kijani, kama jani limechorwa ramani. Ukiona hivo acha jivu, ongeza mboji. Konzi moja kwa gunia kwa msimu inatosha sana.

HATUA YA 4: Kulijenga gunia

Gunia moja lililosimama linabeba miche thelathini na zaidi kwa sababu unapanda juu na ubavuni, ndo maana mi nalipenda kwa sehemu finyu. Ila likijazwa udongo tu maji hayafiki chini, juu kunaoza chini kukavu. Dawa yake ni nguzo ya kokoto katikati.

Tafuta kopo kubwa la maziwa ya unga au la rangi, litoe kitako libaki kama bomba fupi. Simamisha salfeti pale pale litakapoishi, maana likijaa hulihamishi tena, ikunje mdomo kwa nje kama unavyokunja suruali. Chini tandika tabaka la vifuu vilivyovunjwa au vipande vya tofali, kina cha vidole vinne. Weka kopo katikati, jaza kokoto ndani ya kopo, jaza udongo wako kuzunguka kopo mpaka usawa wake, shindilia kidogo kwa mkono sio kwa mguu, alafu vuta kopo taratibu juu ukiacha kokoto zimesimama. Weka tena, jaza tena, vuta tena. Huku unakunjua mdomo wa gunia kadri linavyopanda. Mkipata wawili ni rahisi, mmoja anashika kopo mwingine anajaza, mi nilifanya na mtoto wa jirani wa darasa la tano na akanisahihisha, "mama unalivuta upande kokoto zinamwagika", na kweli zilikuwa zinamwagika. Lifike usawa wa kiuno, lisipite hapo litaanguka. Acha vidole vitatu juu bila udongo ili maji yasitapike nje.

Mwagia maji mengi, liache siku tatu lijikalie, litashuka, ongeza udongo.

Matundu ya ubavuni toboa siku ya kupanda sio kabla. Kisu kikali, kata mkato kama herufi V wa kuingia vidole viwili, umbali wa shibiri kati ya tundu na tundu, mstari wa pili usikae sawa na wa kwanza bali katikati yake, kama tofali zinavyopishana. Ingiza mche wenye majani manne, mizizi iende ndani na chini, bonyeza udongo. Upande unaotazama ukuta usitoboe, hakuna jua huko utapoteza miche.

HATUA YA 5: Nini kipandwe wapi

Kanuni yangu moja tu, panda unachonunua kila siku kwa fungu. Kabichi na karoti tuwaachie Lushoto, kule kuna baridi yao na magari yanashusha kila siku, hutaweza kushindana nao kwenye ndoo.

Mchicha anza nao. Mbegu ndogo kama chembe za mchanga, zichanganye na mchanga mkavu kidogo ndo zisirundikane, tawanya juu, funika na udongo mwembamba kabisa, mwagia kwa kopo lenye matundu ya msumari. Siku tatu mpaka tano zimeota. Zikibanana ng'oa nyingine ukapike, hayo ndo mavuno yako ya kwanza. Wiki tatu mpaka nne unakata, acha shina la vidole vinne litachipua tena. Kila wiki mbili sia kibeseni kingine kidogo, usisie zote siku moja, utakula mchicha mpaka uuchukie alafu mwezi mzima huna.

Matembele hata mbegu hayataki. Omba vikonyo kwa mwenye nayo, kila kikonyo urefu wa shibiri na nusu, toa majani ya chini, lalisha vifundo viwili vitatu ndani ya udongo, mwagia, kwisha. Yatalegea siku mbili tatu usiogope, yanarudi. Panda pembezoni mwa dumu yaning'inie, baada ya mwezi na kidogo unachuma ncha na kadri unavyochuma ndo yanavyotoa matawi. Haya ndo nampa mtu mvivu.

Spinachi na sukuma wiki ni za ubavuni mwa gunia. Sia kwanza kwenye kopo au trei ya mayai, wiki nne hamishia. Chuma majani ya nje tu, la katikati usiguse, mche mmoja utakulisha miezi.

Nderema kama ukuta wako una kivuli. Inapanda kwenye kamba kama inapanda mnazi, joto haiogopi, ukiipika ina utelezi wenye kupenda mlenda watafurahi.

Bamia nasema zaidi kidogo maana ndo furaha yangu. Loweka mbegu usiku kucha, asubuhi zinazoelea tupa. Weka tatu kwa ndoo, kina cha kiungo kimoja cha kidole, zikiota baki na moja iliyonona, nyingine kata kwa mkasi usizing'oe utatikisa mizizi ya mwenzake. Miezi miwili hivi ua la kwanza linafunguka asubuhi, manjano laini katikati jekundu la damu ya mzee, ukitoka kazini jioni limeshajifunga, na siku nne mpaka sita baadae bamia ni ya kukata. Hapo usilale. Kata kila baada ya siku moja, urefu wa kidole. Kuipima vunja ncha, ikikatika "tak" ipo sawa, ikipinda imeshakuwa mti. Na ukiacha bamia moja izeeke mtini mche unaona kazi yake imeisha, unapunguza kuzaa. Vaa soksi mkononi wakati wa kukata, vile vinyweleo vinawasha mpaka usiku.

Pilipili mbuzi mche mmoja ndoo moja na nyumba nzima mmetosheka, ukiitunza inazaa zaidi ya mwaka. Giligilani weka kivulini, joto letu linaikimbiza kwenye maua kabla hujaifaidi.

Nyanya. Najua ndo umekuja kuzitafuta. Zifanye mwisho, ukishajua mkono wako. Kwanza kuna mnyauko wa bakteria, mche mzima wa kijani unalala mchana kama umechoka na hauamki tena, huo unakaa kwenye udongo na hauna dawa, ng'oa utupe mbali na huo udongo usiurudishie nyanya wala bilinganya wala pilipili. Pili kuna kantangaze, kiwavi kidogo kinachochimba ndani ya jani na tunda. Tatu joto, miezi ya Januari na Februari usiku wetu ni moto, maua yanadondoka bila kufunga. Kwa Pwani hii sia mwishoni mwa mwezi wa tano masika yakipungua, zikue na kipupwe. Maji zipate sawa sawa kila siku, ukizikausha alafu ukazigharikisha, kitako cha nyanya kinakuwa cheusi, wengi wanadhani ni ugonjwa.

HATUA YA 6: Maji

Tumbukiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo umenata usimwagilie, kikitoka kikavu mwagilia. Hakuna ratiba nyingine. Kwa gunia kipindi cha kaskazi mi naenda lita tano kwa siku, nyingi napitishia kwenye nguzo ya kokoto taratibu, ndoo moja lita moja na nusu hivi. Masika siku nyingine simwagilii wiki nzima, kazi inakuwa kuangalia matundu hayajaziba.

Mwagilia alfajiri au asubuhi mapema. Jioni ukimwagia majani yanalala na maji, ukungu unakuja. Miche michanga ikikatika shingoni chini kabisa kama imeungua na kulala, hicho ni kinyausi, umesia msongamano na umezidisha maji.

Maji ya kisima onja. Nyumba nyingi za karibu na bahari visima vina chumvi chumvi, utaona utando mweupe juu ya udongo ukikauka. Spinachi na mchicha zinavumilia kidogo, maharage na vitunguu hapana. Mwenye kisima cha hivyo akinge maji ya mvua, na masika yakianza ayaache yanyeshee vyombo vyake sana yasukume ile chumvi itoke chini. Maji ya kuoshea mchele na mboga mimi simwagi, yanaenda kwenye ndoo. Ya kufulia yenye sabuni ya unga hapana.

Sahani za kukingia maji chini ya ndoo, zimwage kila baada ya siku mbili tatu. Mbu wa dengi anataga kwenye maji masafi yaliyotulia kama hayo hayo, na mwaka 2019 tuliiona hiyo homa Dar na hapa Tanga, sio hadithi.

Wiki ya nne hivi mboga zikianza kupauka, loweka kopo la samadi iliyoiva kwenye ndoo ya maji siku tatu, koroga, mwagia chini kwenye mizizi usirushie majani. Kila wiki mbili. Na mboga oshe vizuri kabla ya kupika.

HATUA YA 7: Wadudu, na kuku wa jirani

Geuza majani uangalie chini, kila ukimwagilia. Vidukari wanakaa huko wamebanana, weusi au kijani, na ukiona sisimizi wanapanda shuka kwenye shina ujue wana mifugo yao juu. Wakiwa wachache wapukute kwa kidole na maji. Wakizidi, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, pulizia chini ya majani jioni, asubuhi suuza. Mwarobaini tunao kila mtaa, twanga konzi mbili tatu za majani kwa lita moja, loweka usiku, chuja na kitambaa, tia sabuni kidogo ndo ishike, pulizia siku hiyo hiyo, kesho yake nguvu imepungua. Rudia baada ya wiki. Konokono wa masika waokote usiku na tochi.

Kuku ni kesi nyingine. Niliamka siku moja nikakuta kuku na vifaranga tisa wanaoga vumbi ndani ya beseni langu la mchicha, hakuna hata shina. Kugombana na jirani hakunisaidii, kuku hajui mpaka. Nilifunga chandarua chakavu kwenye vijiti vinne juu ya kila beseni, kinazuia kuku na kinapunguza panzi na jua kali la saa saba. Ila chandarua chenye dawa kioshe kwanza sana, au tumia neti ya kawaida.

Nyoka hawajawahi kuja.

HATUA YA 8: Mbegu, mwisho kama nilivyosema

Mara ya kwanza nunua pakiti dukani kwenye pembejeo, angalia tarehe nyuma. Baada ya hapo mchicha unajizalia. Acha shina moja lililonona kuliko yote usilichume, litakwenda juu mpaka shingoni kwako, litoe masuke, ukiyasugua mkononi chembe nyeusi zinadondoka, ndo tayari. Likate asubuhi kukavu, liinamishe juu ya kanga, lipige pige, pepeta kwenye ungo makapi yaende. Anika kivulini siku mbili, funga kwenye karatasi sio mfuko wa plastiki, andika mwezi. Bamia nayo acha moja mtini ikauke mpaka ilie ukiitikisa.

Zangu za sasa nimeandika "mwezi wa nane, ule mwekundu", na bibi mwenye nyumba kashaniambia nusu yake, anataka na yeye gunia lake, tena liwe upande wa jua la asubuhi.